Jicho la Sheshe na Shikamoo ya Hermenegildi

Jumatatu, 12 Januari 2026

"Mti huo ni wa nchi za theluji. Hauoti Ifakara hata ukiuimbia. Na ukiota hauna faida. Tunda lake haliliwi, mbao zake laini kama mkate, na jina lenyewe ni la farasi, wakati farasi hapa bondeni huuawa na mbung'o."

Maneno ya Hermenegildi hayo, bwana shamba mstaafu. Kayasema leo asubuhi kwenye stendi ya bodaboda ya Lumemo, mbele ya vijana, huku akitafuna muhindi wa kuchoma. Mtu anayebomoa hoja za watu na mdomo umejaa.

Nayavunja moja moja, kama nilivyoyavunja pale pale.

Farasi. Mti unaoitwa chesnati ya farasi hauhitaji farasi. Jani lake likidondoka huacha kovu kwenye tawi, na kovu hilo lina umbo la chuma cha kwato, pamoja na alama za misumari. Nimesoma. Ndizi ya mkono wa tembo inaota nyuma ya duka la Stumai, jirani wa stendi, na sijasikia tembo aliyekatwa mkono.

Haliliwi. Kweli, tunda ni sumu kwa binadamu. Stendi inatafuta kivuli. Haitafuti chakula cha mchana.

Mbao laini. Ndiyo sifa kuu! Mivule yetu iliisha kwa sababu mbao zake zilikuwa nzuri mno. Mti usio na mbao ndio pekee utakaomkuta mjukuu wangu.

Theluji. Chesnati ya farasi ni ya ukoo mmoja na shokishoki. Mshokishoki unaota Tanzania hii hii na tunda lake lina miiba vile vile. Ndugu mmoja akiweza kuishi hapa, mwingine anashindwa nini?

Nilipomaliza nilikuwa na jasho. Nassib, mwenyekiti wa stendi, kijana mpole asiye na haraka, akaniuliza, mzee Teles, huo mti unao? Nikasema ninazo mbegu. Akasema mbegu haina kivuli, mzee wangu.

Niweke mambo sawa. Mti wa stendi uliangushwa na mvua za mwaka jana. Tangu hapo vijana wanasubiri abiria juani, viti vya pikipiki vinaunguza watu. Nassib ametangaza Jumamosi ya tarehe 24 kuwa siku ya kupanda mwingine. Mwenye mche aje nao, autetee, mikono ihesabiwe. Sharti moja: mche uwe na majani. Hermenegildi anasema atakuja na wake. Hataki kusema ni wa nini.

Ndipo akasema tuwekeane dau. Mti wangu ukifika Jumamosi hiyo ukiwa na majani, yeye atanipa shikamoo mbele ya watu wote, na kila tutakapoonana mpaka mmoja wetu azikwe. Usipofika, nitampa mimi.

Aliyekuwa anapiga kiki pikipiki yake akaacha mguu hewani.

Asiyetujua ataona ni mchezo. Mimi na Hermenegildi tulikaa dawati moja Lupiro. Tulizaliwa mwaka mmoja, mwezi mmoja, na mama zetu, Mungu awarehemu, walikufa kila mmoja akiapa kwamba wake ndiye aliyetangulia. Tangu tupate akili, mimi na yeye ni "habari". Ananiambia habari za asubuhi, namwambia habari za asubuhi. Mvi zimeota, habari ni ile ile. Shikamoo ni mtu kukiri kwamba yuko chini ya miguu ya mwenzake. Chini ya miguu ya Hermenegildi. Nimeiona miguu hiyo.

Nikampa mkono. Nimekubali.

Jumatano, 14 Januari

Siku kubwa. Nimetoa mbegu kwenye friji la Stumai.

Mbegu hizi niliachiwa na yule mtafiti wa mbu aliyepanga chumba changu cha uani. Alizileta toka kwao. Alikuwa akitembea na moja mfukoni kama dawa ya magoti, alivyofanya babu yake. Magoti yalimuuma mpaka siku aliyoondoka, lakini hilo ni suala la magoti. Kitabu changu kinasema mbegu ya chesnati lazima ipitie miezi ya baridi ndipo iamke. Ifakara baridi inauzwa dukani kwa Stumai tu, pamoja na soda, barafu na kambale hai ndani ya beseni.

Stumai alinipokea kwa maneno. Tangu Oktoba anauliza mfuko mweusi una nini na anajibiwa sayansi. Akasema sayansi yako imegandana na utumbo wa kuku, Baba Katarina, chukua kisu uitenganishe mwenyewe.

Nikaitenganisha. Mbegu nzuri ajabu. Kahawia iliyoiva, inang'aa kama kiti cha padri, na upande mmoja doa jeupe la mviringo. Moja iliponiponyoka ililia sakafuni kama gololi. Zilikuwa zimeganda mawe. Kitabu kinasema baridi, hakisemi barafu. Lakini baridi ni baridi. Tena umeme wetu unavyokatika, hizi zimepata kipupwe mara nyingi kuliko mti wowote wa Ulaya. Zitakuwa zimeamka na kulala mpaka zimezoea.

Nimezipanda kwenye makopo ya rangi, udongo mweusi wa mtoni, nimemwagilia. Odilia, mke wangu, aliuliza kama zitatoa majani kabla ya tarehe 24. Nikamweleza habari za chipukizi la mti huu. Linanata kama lililopakwa gundi, kisha hupasuka na jani zima hutoka limekunjwa kama mwamvuli. Akasema hajauliza linatokaje, ameuliza lini.

Mchana likaja wazo. Jina. Watu hawawezi kuupigia kura mti unaoitwa chesnati ya farasi, ulimi unajikwaa. Nikakumbuka kwamba ndugu za mti huu walioko Amerika huitwa kwa jina la jicho la paa dume, kwa sababu mbegu na doa lake ni jicho kabisa. Na paa wa bonde letu ni nani? Sheshe. Kwa hiyo: mjichosheshe.

Nilisimama peke yangu uani nikalitamka mara kadhaa. Bata waligeuka kusikiliza.

Sikuweza kusubiri. Nimeandika kwenye grupu la Lumemo, ambalo lina watu wengi wa mjini na vijijini: "Ndugu, nina macho ya sheshe, mazima, yanang'aa. Yalikuwa kwenye friji la Stumai tangu Oktoba, sasa nimeyafukia uani kwangu. Anayetaka yake ajiandikishe mapema."

Wamepigwa na butwaa. Hermenegildi pekee ameweka kidole gumba. Sikutegemea uungwana huo kutoka kwake.

Ijumaa, 16 Januari

Askari wa wanyamapori wamekuja nyumbani.

Watatu, na gari. Mkubwa wao anaitwa Lukelo, mrefu, mwenye adabu ya kutisha. Aliniamkia vizuri kabisa, shikamoo mzee, nikamwitikia marahaba, kisha akaniambia nisisogee. Akauliza macho yako wapi. Nikasema yapi. Akasema ya sheshe. Akasema sheshe ni mali ya serikali akiwa mzima, na akiwa vipande vipande ni nyara za serikali, na mimi nimetangaza kwa maandishi.

Nikafurahi. Mtu hapati kila siku wasikilizaji watatu waliokatazwa kuondoka. Nikaanza na kovu la kwato. Lukelo akasema mzee, tutafika huko, kwanza onyesha ulipofukia.

Wakamwaga makopo yote. Kila mbegu ilipotoka kwenye udongo mmoja wao aliiinua juani kwa vidole viwili na kuiangalia, nayo ikamwangalia. Nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa hata mimi niliona ni macho. Lukelo akaipasua moja kwa kisu. Ndani haikuwa nyeupe kama kitabu kinavyosema. Ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake ilimfanya yule mdogo wao arudi kwenye gari.

Walikwenda pia kwa Stumai wakapekua friji mpaka chini. Nimesikia aliwaambia kwamba kama wanatafuta mnyama, wamwache kambale wake wamchukue Baba Katarina.

Mwisho Lukelo aliridhika. Akasema nimepoteza mafuta ya serikali na nibadilishe jina la mti wangu. Kisha akabaki nyuma kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli zinasaidia magoti. Nikampa moja. Ameondoka nayo mfukoni. Serikali imeukubali mti wangu kimya kimya.

Hasara: nimetolewa kwenye grupu. Aliyepeleka habari kwa askari sijamjua. Lakini kidole gumba kile sasa nakielewa.

Nimezirudisha mbegu zilizobaki makoponi. Mbili zilinibonyea mkononi kama ndizi mbivu. Bado nina mfuko mwingine nusu, ambao sikuupanda. Muda upo.

Jumapili, 18 Januari

Hakuna kilichochipua.

Baada ya misa Hermenegildi alinisubiri mlangoni. Akaniuliza habari za asubuhi, nikamuuliza habari za asubuhi. Akasema leo hajapenda sauti yangu ilivyokaa, akanishauri nianze mazoezi, maana shikamoo ya mara ya kwanza ukubwani huweza kumtegua mtu taya. Watu wa kwaya walicheka ndani ya mavazi yao. Nikamjibu kwamba marahaba ndiyo ninayoifanyia mazoezi, na kwamba naitoa kwenye tumbo. Nikaitoa. Katekista aliniomba nitoke nje.

Nyumbani Odilia kaniambia nikamuombe Hermenegildi tuvunje dau, sisi ni watu wazima. Nikamwambia ndiyo maana hasa. Mtoto akishindwa anakua, hasara inaisha. Mtu mzima akishindwa ndiyo imetoka.

Nimebadili mbinu. Kama majani yanachelewa, nitawapata wapiga kura kwa faida. Nani alisema mti huu hauna faida? Mbegu yake ina povu. Ukiikwangua na kuiloweka, maji yanatoa povu kama ya sabuni, na kuna waliofulia nalo tangu zamani. Vijana wa bodaboda wanaosha pikipiki kila siku. Kesho wataona.

Jumatatu, 19 Januari

Ushindi! Karibu wote.

Nilikwangua nusu mfuko kwenye kikwangulio cha nazi cha Odilia (hajui), nikaloweka ndoo nzima. Asubuhi nilipoyavuruga maji kwa mkono, povu jeupe lilipanda mpaka ukingoni. Nilibeba hadi stendi huku nikicheka peke yangu.

Nassib alinitolea pikipiki yake iliyotapakaa tope la Lupiro. Nikaiosha mbele ya wote, bila sabuni, kwa mti tu. Tope likateremka, tangi likawaka. Vijana walikusanyika. Mmoja akasema mzee huyu ana kichaa chenye faida. Nassib akapitisha kidole juu ya tangi, akasema, mh. Kwa Nassib, hiyo ni hotuba. Hermenegildi alisimama pembeni bila muhindi na bila hoja. Saa yangu bora mwaka huu.

Nilipomwaga maji ya kusuuza, nilimwaga kwa mbwembwe. Pikipiki ilikuwa karibu na duka la Stumai. Beseni la kambale liko nje, usawa wa barabara.

Sikuona kitu mwanzo. Kisha mtoto wa Stumai akasema mama, samaki wamelewa. Walikuwa wamelewa kweli. Mmoja alikuja juu akageuka tumbo, akafuatiwa na wa pili, na wote wakalala vile, masharubu yakining'inia kama wazee wa harusi.

Nami, Mungu anisamehe, kabla sijajizuia nilipiga makofi. Kitabu kimesema! Povu lile lile linalosafisha humlevya samaki majini. Nikawaeleza wote waliokuwepo kwamba wameshuhudia sifa ya pili ya mti ndani ya asubuhi moja. Hermenegildi akapata hoja papo hapo. Akauliza kwa sauti kama stendi inataka kupanda mti ambao mvua ikinyesha unavua samaki wa jirani.

Stumai hakupiga kelele. Alinipa ndoo mbili. Mchana wote nimechota maji kisimani nikibadilisha beseni, kambale akipepesuka nabadilisha tena. Jioni wote walikuwa wanaogelea. Kambale si kiumbe wa kukata tamaa, namheshimu. Stumai amesema kura yake nisiiote hata usingizini.

Mikono inaniuma. Makopo bado kimya. Nimefukua moja kwa kijiti. Palikuwa na uji.

Alhamisi, 22 Januari

Furaha leo! Nimemkamata.

Nilipita nyuma ya nyumba ya Hermenegildi. Njia ile ni ya umma. Ua wake wa mabua una tundu, nalo ni la umma pia. Ndani amepanga viriba vya miche. Mbele kabisa, kimewekwa peke yake kwenye kivuli kama mgonjwa wa heshima, kiriba kimoja chenye mche unaofika magotini. Nikaangalia majani.

Vidole vitano! Vyote vimetoka kwenye kiganja kimoja, kama mkono umefunguliwa. Msufi nao una vidole, mjinga angesema ni msufi. Lakini majani ya msufi hupishana kwenye tawi, moja huku, jingine juu zaidi kule. Haya yalikuwa yanatazamana mawili mawili, kila moja na pacha wake ng'ambo. Hiyo ndiyo alama ya chesnati ya farasi. Iko kwenye kitabu, ukurasa niliokunja.

Nilitafuta kasoro, maana mimi ni mtu wa haki. Vidole vilikuwa vitano na siyo saba, na kila kidole kilikuwa na kikonyo chake kidogo. Vizuri. Ndugu wa Amerika yuko hivyo hivyo, vitano na vikonyo. Ukingo wa jani haukuwa na meno kama kitabu kinavyotaka. Lakini ule ni mche mchanga. Mtoto naye huzaliwa bila meno.

Sasa yote yanajipanga. Mfuko wangu ulikaa kwa Stumai tangu Oktoba, na Hermenegildi hununua soda kwa Stumai. Ameiba mbegu, ameziotesha, kisha akaja stendini kunihakikishia kwamba haziwezi kuota! Anajua zinaota kwa sababu anazo. Na Jumamosi atakuja na mti wangu mwenyewe kunishinda nao.

Nimemweleza Odilia yote, jani kwa jani. Alikuwa anapembua mchele. Nilipofika kwenye vidole vitano alisimamisha ungo. Nilipofika kwenye majani yanayotazamana aliuma upindo wa kitenge. Akasema Baba Katarina, kwa nini usimuulize Hermenegildi ule ni mti gani. Nikamwambia katika mjadala hakuna kuuliza. Anayeuliza ameshakubali kwamba hajui. Akasema haya. Kisha akaingia ndani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Uchungu wa kuona mume wake ameibiwa.

Sitamshitaki kabla. Nitamwacha aulete mwenyewe mbele ya watu.

Jumamosi, 24 Januari

Watu walijaa. Shimo lilikuwa limechimbwa tayari, mbolea imewekwa. Nassib alivaa shati.

Hermenegildi alifika na kiriba chini ya kitambaa, kama mtu anayebeba keki. Alipofunua, vilikuwa vile vidole.

Nassib akaniuliza, mzee Teles, wako uko wapi. Nikasimama juu ya tofali. Nikasema ndugu zangu wa Lumemo, nimekuja mikono mitupu kwa sababu mti wangu uko kwenye mikono ya mtu mwingine. Nikaonyesha. Watu wakaguna. Nikawapa vidole, nikawapa vikonyo, nikawapa majani yanayotazamana. Nikawaambia juu ya maua yake yatakayosimama wima kama mishumaa ya Pasaka, kila ua na doa la njano, na nyuki akishakunywa doa hugeuka jekundu kumwambia duka limefungwa, asipoteze safari. Mti wenye adabu kiasi hicho! Kina mama walikuwa wameacha kuongea. Sijawahi kusema vizuri hivyo maishani.

Hermenegildi hakukana kitu. Aliuliza tu, taratibu, kama mtu anayepima shamba. Una uhakika mti huu ndio ule wako? Nikasema kama ninavyolijua jina langu. Akauliza, na unastahili kupandwa hapa? Nikasema kuliko mti wowote wa bonde hili. Akauliza, na sisi tukiupanda huu, dau litakuwa limetimia na wewe utakuwa umeridhika? Nikasema mbele ya Mungu na stendi.

Akamwambia Nassib ahesabu mikono. Wa kwanza kuinua nilikuwa mimi. Kisha yeye. Kisha wote, hata Stumai.

Niliushindilia udongo kwa mguu wangu mwenyewe. Nikanyoosha mgongo, nikamgeukia Hermenegildi, nikakaa sawa kupokea kilicho changu. Tumbo nimelijaza hewa kwa ajili ya marahaba.

Stumai ndiye aliyesema. Wala hakusema kwa ubaya. Akasema ahsanteni wazee, miaka michache tu watoto watakula furu hapa mpaka ndimi ziwe nyeusi.

Nikauliza furu gani.

Walinipisha tu, njia ikafunguka, na mkono wa Nassib ukaelekeza nyuma ya duka. Pale, pembeni ya migomba ya mkono wa tembo, umesimama mfuru mkubwa. Naupita kila siku ya Mungu. Nikavuta tawi. Vidole vitano, vikonyo, majani yanatazamana mawili mawili. Ukingo hauna meno, na mti ule una umri wa kuota meno.

Furu nimekula tangu naota meno yangu. Tulikuwa tunapanda juu, mimi na Hermenegildi, tunashuka midomo kama wino. Lakini nani huangalia jani, tunda likiwa mbele yake?

Nikarudi. Vicheko vilishaanza na kuisha na kuanza tena. Kijana mmoja alikuwa amelala juu ya pikipiki yake analia. Nassib akainua mkono, vicheko vikakatika. Akasema kwa upole, mzee wangu, neno ni neno.

Nikasema. Ilitoka kama mfupa wa kambale, kwanza upande, halafu yote.

Nilikuwa tayari kwa kejeli ya Hermenegildi. Hakucheka. Alisema marahaba, polepole. Akaniuliza nyumbani hawajambo, Odilia hajambo, Katarina anaendeleaje na masomo, kama wakubwa wanavyouliza. Nikajikuta najibu hawajambo, huku nimeinamisha kichwa na mikono nimeishika nyuma.

Odilia alinishika kiwiko tukaondoka. Njiani aliniambia alitaka kunieleza Alhamisi. Nikamwambia angeeleza basi. Akasema ulikuwa na furaha mno.

Jumatatu, 26 Januari

Nimelala vizuri, nimetafakari, na ukweli umekaa sawa. Sikushindwa.

Nilisema mti wenye vidole vitano na majani yanayotazamana unaweza kuota Ifakara. Unaota. Upo stendini. Kosa langu lilikuwa la jina tu, na majina hurekebishwa. Aliyesema hauwezi ni Hermenegildi, na ameupanda kwa mkono wake. Historia itaona.

Tatizo la chesnati ya farasi ni baridi, kama nilivyohisi tangu mwanzo. Nilichagua mti mbaya. Jana nimesoma kutwa nzima juu ya chesnati tamu. Ukoo wake mwingine kabisa, tunda lake linaliwa, linachomwa kwenye mkaa kama muhindi. Bodaboda watalipenda. Odilia ana binamu Dodoma ambaye jirani yake ana mtoto Italia.

Nimeshamwambia Hermenegildi. Nilimkuta asubuhi njia ya sokoni, nikatoa ile salamu, kisha nikamwekea dau jipya. Chesnati tamu ikiota Lumemo ndani ya mwaka huu, shikamoo inageuka, yeye ndiye atatoa. Isipoota, mbali na shikamoo nitampokea na kikapu kila nitakapomkuta anatoka sokoni. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Haraka ile ni dalili ya hofu.

Na sasa ninyi, waendesha bodaboda wa stendi ya Lumemo. Nawaandikia humu kwa kuwa kwenye grupu mmenitoa, na siku moja mtasomewa. Nassib, wewe wa kwanza. Asubuhi ya leo mliponiona namkaribia Hermenegildi mlizima injini. Wote. Mkiwa na abiria migongoni. Mama mmoja aliyekuwa anawahi kliniki alikugonga bega, Nassib, nikadhani anakuharakisha, kumbe anasema ngoja kwanza tusikie. Barabara nzima ikatulia kama kanisa wakati wa mageuzo, na sauti yangu ikafika mpaka kwa Stumai.

Nawataka hivi, na sitarudia. Mkituona mimi na yeye tumebakiza hatua chache, washeni pikipiki zenu. Zivuteni mafuta. Pigeni honi, gombanieni abiria, mwiteni dereva wa lori la mpunga apite katikati yetu. Salamu yake nitaitoa kila siku, nimeahidi. Nipeni kelele ya kuitolea.